Ya Pengo

Kila alfajiri naandika ubaoni kwa chaki:
ugali nyama, ugali dagaa, ugali maharage,
wali nyama, ndizi nyama, chapati supu.
NYAMA naiandika kwa herufi kubwa,
maana anayeshuka kwenye garimoshi hasomi,
analitafuta neno hilo tu.
Hapa Tabora mabehewa hukatwa,
ya Mwanza huku, ya Kigoma kule,
na mwenye njaa hana muda wa tahajia.

Leo Bi Kalunde kaniita jikoni.
Mezani kuna mfuko, kauleta Lugembe,
mtoto wa dada yake, karudi kutoka Morogoro
na cheti, na mashine ya kukamulia soya
aliyoifunga ndani ya banio la tumbaku la babu yake.
Kuta bado zinanuka moshi.
Anasema moshi huo ndio ladha.

Vipande vikavu, rangi ya gome la mninga.
Vikamwagiwa maji ya moto, vikavimba
kama mtu aliyesingiziwa.
"Mama mdogo, nyama hii haijawahi kulia."
Bi Kalunde akakifinya kipande, kikamrudishia maji.
"Haijalia. Itaniliza mimi, wateja wakinicheka."

Lakini kitunguu alishakikaanga.
Akatia nyanya, bizari, akatwanga karanga
bila kuulizwa na mtu.
Akasema, akikitazama chungu, si sisi:
"Mama alikuwa akirudi na uyoga kutoka porini Sikonge,
mpana kama sinia.
Baba anakula, analamba vidole, anauliza,
nani kachinja?
Mama anamwongezea ugali."

Hilali wa buchani akasikia. Buchani hadi kwetu
ni ukuta mmoja na nzi walewale.
Akasimama mlangoni, aproni ina damu ya asubuhi:
"Maharage yakivaa kanzu yangu,
mimi nivae nini?"
Hakuna aliyemjibu.
Kilo ya ng'ombe imepanda tena wiki hii,
na aliyeipandisha hatumjui, hata yeye hamjui.

Wa kwanza kuonja alikuwa Mzee Sizya,
kondakta mstaafu, mgonjwa wa jongo,
daktari wa Kitete kamkatalia nyama nyekundu,
naye huja kila siku kukaa karibu na mvuke wa supu
na kuagiza chai.
Akala cha kwanza. Akala cha pili.
Akachomoa kijiti cha meno kwa mazoea,
kijiti kikakosa kazi.
"Mchuzi ni wa kweli," akasema.
"Kipande kinajitahidi."
Kisha akapekua sahani kwa kidole:
"Mfupa uko wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Miaka thelathini, Itigi hadi Kaliua,
nimekula kwa haraka, filimbi mkononi.
Mfupa ndio ulionibakiza mezani.
Nyama unaimeza. Mfupa unazungumza nao."
Lugembe akaandika kitu kwenye daftari lake,
akakikata.

Sasa nimeshika chaki, neno sina.
Nyama ya soya? Hilali anakohoa upande wa pili wa ukuta.
"Andika nyama ya kesho," Lugembe ananinong'oneza.
Bi Kalunde anafuta jasho kwa kiwiko:
"Kesho hailiwi. Andika bei."
Nikaandika ugali, nikaacha nafasi,
nikaandika bei, nusu ya ile ya juu yake.

Garimoshi likaingia limechelewa saa tatu.
Wakashuka na vumbi lao, na ndoo, na kuku mmoja hai.
Mama mmoja akauelekeza ubao kwa kidevu:
"Mie nipe hiyo yenye pengo."
Nyuma yake wawili wakasema, na sisi ya pengo.
Mzee Sizya, mwenye mapengo yake matatu,
akafurahi kuliko wote.

Jioni nafuta ubao. Sufuria limebaki na ukoko.
Akaja binti wa Hilali na bakuli lenye kifuniko:
"Baba kasema ya pengo, mchuzi uwe mwingi,
na kasema
hajasema."